Sote tuliitikia "Amina", kumbe kila mtu aliitikia lake: tulivyounda timu ya kizimba cha samaki bila kujua tatizo ni nini

Wewe unayefungua huu uzi, nakuhesabu kama yule rafiki ninayekaa naye uani tunachambua mchele. Huyo simfichi kitu na simwongezei chumvi.

Wakuu wa humu, wazee shikamooni, wadogo zangu habari za leo. Naandika niliyoyaona kwa macho yangu, na Mungu ananisikia.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, naishi Ilemela huku upande wa ziwani. Shule niliiacha mapema, nikairudia ukubwani kwenye madarasa ya jioni. Kidato cha nne nimekimaliza nikiwa dawati moja na watoto wa umri wa mwanangu Tumaini. Sasa hivi nasoma cheti cha usimamizi wa miradi, jioni hivyo hivyo, nikishafunga genge langu la nyanya.

Kwa hiyo nikikosea Kiingereza msinicheke. Au chekeni, halafu mnirekebishe.

Kuna swali lilinikaa kichwani muda mrefu na ndilo limenileta hapa:

Ukiwa hujui tatizo ni nini, unajuaje uite nani aje alitatue?

Mtoto akiumwa jino unampeleka kwa daktari wa meno. Lakini analia tu, hasemi panapouma, unampeleka wapi?

Sasa tuingie kwenye mkasa.

Kwenye jumuiya yetu ya kanisani tuna kikundi cha akina mama. Wengi wetu tulikuwa wauza dagaa na samaki wa kukausha. Mnaokaa Kanda ya Ziwa mnajua biashara hiyo siku hizi ilivyo, samaki hawapatikani kama zamani. Tukahangaika mpaka tukapata kizimba.

Kwa wasiojua, kizimba ni kama chumba cha nyavu kinachoelea ziwani. Unafunga fremu ya chuma juu ya mapipa ya plastiki, nyavu zinaning'inia chini, humo unafuga sato. Unawalisha kila siku mpaka wakue.

Kibali tulikuwa nacho cha eneo zima. Sehemu yenyewe ya kukiweka tulitakiwa tuchague sisi.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu majirani zetu wa ufukwe wa pili, kikundi kama chetu, walikuwa wameamka asubuhi moja wakakuta samaki wao wote wanaelea matumbo juu. Wote!

Kila mtu akawa na lake. Huyu anasema wamewekewa sumu. Huyu anasema chakula kilikuwa kibovu. Mwingine anasema ni jicho la husuda, na mwingine ni mafuta ya mitumbwi. Anayejua kwa hakika hayupo.

Sisi vifaranga vyetu vya samaki tulikuwa tumeshaviagiza. Tusipovipokea anapewa mtu mwingine, na zamu yetu ya pili hatujui ingekuja lini.

Sasa nimtambulishe Mama Kulwa, maana kwa sisi wengine kizimba kilikuwa jaribio tu, kwake yeye kilikuwa maisha.

Mama Kulwa ni mjane, mama wa mapacha. Ndiye tuliyemchagua awe mlishaji na mlinzi wa kizimba. Alipochaguliwa tu akaenda sokoni akaiachia meza yake ya dagaa mtu mwingine. Tulimwambia asubiri kidogo, akasema, "Mguu mmoja huku mmoja kule, nitachanika."

Kaka yake yuko Sengerema, alikuwa ameshamwambia hili jambo likifa arudi kwao, chumba kipo. Mama Kulwa alikuwa hataki. Aliniambia, "Mama Tumaini, nikirudi kwa kaka yangu nitakula na nitalala. Ila nitakuwa mgeni mpaka nife."

Kwa hiyo samaki wakifa, mwenzetu anavuka na kivuko anarudi kuwa mgeni. Hicho ndicho tulichokuwa tunakipigania.

Kikundi kikaniambia mimi niunde timu ya kuamua kizimba kiwekwe wapi. Kwa nini mimi? Kwa sababu eti nasoma. Kuna mama mmoja akaongeza, "Mpeni profesa wa taa ya jioni." Watu wakacheka, na kazi nikapewa hivyo hivyo.

Timu ya kwanza niliiunda kama tunavyoziunda zote hapa kwetu. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mzee wa heshima mmoja. Yaani nilichukua vyeo.

Tulikaa, tukanywa chai ya maziwa, tukasema mambo mazito. Mwisho ikaamuliwa tumwachie Mungu.

Wakuu, mimi ni mtu wa kusali. Rozari yangu haikai mbali na mimi. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nikiwa najiuliza, hivi Mungu tunayemwachia si ndiye huyo huyo aliyewaumba wavuvi na mafundi na watu waliosomea samaki? Tunamrudishia kazi ambayo ameshatupa watu wa kuifanya.

Jioni darasani tukawa na mada ya timu za miradi. Mwalimu akaandika ubaoni "cross-functional team". Akaeleza ni timu ya watu wa fani tofauti, kila idara inatoa mmoja.

Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, "Mwalimu, na kama hujui tatizo ni la idara gani?"

Akacheka. Akasema, "Mama, hilo swali halimo kwenye notsi."

"Najua halimo. Ndiyo maana nauliza."

Mwalimu akasema, "Kusema kweli sijui. Ofisini kwetu idara zipo tayari, tunachota tu. Wewe ukipata jibu njoo utufundishe."

Nilimheshimu sana kwa hilo "sijui". Lakini pia nikabaki na mzigo wangu. Ziwani hakuna idara.

Usiku uleule nikiwa nasonga ugali nikapata wazo. Nikajisemea, acha kuwafikiria watu, mfikirie samaki. Huyu samaki kutwa anaguswa na nini? Anaguswa na maji. Anaguswa na nyavu na fremu. Anaguswa na mkono unaomlisha. Na mwili wake wenyewe una mahitaji yake.

Haya, maji ya hapa anayajua nani? Fremu ameitengeneza nani? Mkono ni wa nani? Mwili wa samaki amesomea nani?

Nikapata timu ya pili.

Wa maji alikuwa Mzee Magesa, Mjita, amevua huku tangu kijana. Ana maneno huyo mzee, na anajisifu balaa. Ukimsikiliza utadhani sangara wote wa ziwa hili walikuwa wanamwamkia.

Wa fremu ni fundi Salum, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyetutengenezea kizimba. Wa mkono ni Mama Kulwa mwenyewe.

Wa mwili wa samaki ni binti anaitwa Koku, kwao Bukoba, amesomea ufugaji wa samaki chuoni, anajitolea kushauri vikundi.

Mweka hazina wetu alinuna kuachwa. "Kumbe cheo changu ni cha kubeba daftari tu?" Nikamwambia dada yangu, cheo chako kiko palepale, ila samaki hajui wewe ni mweka hazina. Tulikaa muda hatusalimiani vizuri. Nikavumilia.

Ngoja nipindue maandazi, narudi.

Nimerudi. Tuendelee.

Kikao cha kwanza cha timu mpya tulikifanyia uani kwangu. Sehemu zilizokuwa mezani ni mbili. Moja ni kona ya mawe, ghuba ndogo iliyojificha, karibu na nyumba, unaona kizimba ukiwa umekaa mlangoni. Ya pili ni nje, kule kwenye wimbi, mbali.

Nikamuuliza Mzee Magesa, "Mzee wetu, pale kona ya mawe pakoje?"

Mzee akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Aah, pale? Pale maji yamelala."

Basi. Hakuongeza neno.

Fundi Salum akasema, "Safi kabisa! Hapo fremu yangu itakaa mpaka wajukuu."

Mama Kulwa akasema, "Na mimi maji yaliyolala siyaogopi, nitapiga kasia mwenyewe."

Koku akaitikia kwa kichwa, anatabasamu. Mimi nikaona wataalamu wote wanatabasamu, nikatabasamu pia.

Nikauliza, "Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nikafunga kikao kwa sala. Wote tukaitikia Amina, hata fundi Salum ambaye ni Muislamu. Nikalala usingizi mtamu. Nikajisemea, kumbe hii cross-functional ni rahisi hivi?

Siku ya kupeleka nanga ikafika. Magunia ya mawe yako ufukweni pale kona, fundi anafunga kamba, akina mama wanaimba. Mzee Magesa akatokea kwa juu kwenye majabali, fimbo mkononi.

Akasimama. Akatuangalia. Akapiga kelele, "Nyie! Mnafanya nini hapo?"

"Shikamoo mzee. Tunaweka nanga."

"Marahaba. Nanga za nini hapo? Si niliwaambia maji yamelala?"

Fundi akajibu, "Ndiyo mzee wangu, ulituambia."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo tunaweka."

"Mnaweka kwa sababu yamelala?"

"Eeh!"

Mzee akakaa chini kabisa juu ya jabali. Akashika kichwa. "Jamani, hawa watu wana akili? Nawaambia mtu kafa, wao wanapeleka godoro walale naye!"

Kelele zikaanza. Fundi anasema mzee amegeuka, mzee anasema fundi ni kiziwi. Fundi akamwambia, "Si ulikuwepo! Mama Tumaini alifunga kwa sala na wewe ukasema Amina!"

Mzee akamjibu neno ambalo sitalisahau: "Mimi niliitikia sala. Sikuitikia kizimba."

Fundi akaiachia kamba. Halafu akasema polepole, "Hata mimi niliitikia kwa adabu tu."



Mnaelewa kilichotokea? Neno moja, "maji yamelala". Fundi alisikia hakuna wimbi la kuvunja chuma. Mama Kulwa alisikia usalama wa kupiga kasia. Koku alinieleza baadaye kwamba yeye alielewa ni utulivu wa asubuhi, wakati mzuri wa kulisha kwa sababu unawaona samaki wakipokea chakula.

Na mzee alimaanisha maji ambayo hayaamki. Hayaendi wala hayarudi. Kwao wavuvi hiyo ni sehemu ya kupita, hawatupi nyavu. Yeye akishasema huwa hasikilizi wengine; alituona tunatabasamu akajua tumeikataa kona, tunaenda nje!

Na sisi hapa kwetu ikishasemwa Amina basi, jambo limepita. Mtu anayeuliza baada ya Amina anaonekana mkorofi, au hana imani. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Koku ndiye alikuwa wa kwanza kutulia. Akapanda jabali akamwendea mzee, akachuchumaa pembeni yake.

"Babu, yamelala juu tu au mpaka chini?"

"Huyu Mhaya sasa ataanza Kiingereza."

"Siongei Kiingereza, babu. Nauliza samaki hawakai kwa nini?"

Mzee akafikiri. Akasema, "Sijui. Baba zetu walisema pale pana mwenyewe, hapendi kelele. Ukitega unaamka unakuta furu wanaelea."

Furu ni vile visamaki vidogo vya mawe, wasiojua.

Akina mama wawili wakapiga ishara ya msalaba. Mimi mambo ya mizimu sikubaliani nayo kabisa, na nilimwambia mzee hivyo hivyo. Lakini nikajiuliza, hao baba zao waliona nini mpaka wakatunga mwenyewe wa pale? Sababu yao naikataa. Ila wale furu wanaoelea waliwaona kwa macho. Macho yao siwezi kuyakataa.

Koku alikuwa ameshaanza kuwaka macho. Akasema kama maji hayatembei, hewa ya chini inakwisha. Upepo ukija ghafla unayapindua, yale mabaya ya chini yanapanda juu, samaki aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Akaongeza, "Lakini mama, nilichokisomea ni mabwawa zaidi. Ziwa hili sehemu hii silijui."

Hapo nikapata ufunguo, wakuu. Yule mwenye kujua sababu hapajui mahali. Mwenye kujua mahali hajui sababu. Na mimi nilikuwa nimewauliza wote wanachokijua, sikuwauliza wasichokijua.

Nikawaambia waliokuwa wanafunga kamba waache. Tukakaa palepale juu ya mawe. Nikasema leo kila mtu aseme jambo moja kuhusu kizimba hiki ambalo halijui au haliwezi. Nikaanza mimi, nikasema mimi sijui lolote kuhusu samaki zaidi ya kumpika.

Fundi akagoma. "Mama, fundi akisema hajui, mteja anahama."

"Sisi hatuhami. Pesa ya kuhama tunayo wapi?"

Wakacheka. Fundi akakuna kidevu, akasema, "Basi. Vizimba vyangu vyote viko kwenye ghuba. Kwenye wimbi sijawahi kufunga hata kimoja. Nanga za magunia sijui kama zitashika."

Mzee Magesa alisema yeye hakuna asichokijua. Tukamwacha.

Halafu Mama Kulwa. Alisema kwa sauti ndogo, "Mimi sijui kuogelea."

Tukashtuka wote. Huyu ndiye atakayekuwa kwenye mtumbwi kila siku ya Mungu! Akaendelea, "Niliona kona ni karibu, nikajua hamtagundua. Nilidhani mkijua mtampa mwingine."

Hakuna aliyemcheka. Mzee Magesa mwenyewe alivua kofia.

Kwa hiyo timu ikawa na pengo ambalo dakika chache nyuma hatukujua kama lipo. Nikageuka nyuma kwa akina mama nikauliza nani amekulia kwenye maji. Akajibu Leokadia, mzaliwa wa Ukerewe, ile sauti yake ya kwaya inayozima kinanda. "Mimi! Mbona siku zote mnanipa kazi ya chai?"

Leokadia akaingia timu, awe wa mtumbwini na Mama Kulwa, na maboya ya kuvaa yakawa lazima.

Baada ya hapo Koku aliazima chuoni kipimo, kidude chenye waya mrefu unaouzamisha majini, kinakuonyesha hewa iliyopo juu na chini. Tukapanda mtumbwi.

Kona ya mawe, juu pazuri. Fundi akaanza, "Si mnaona?" Koku akashusha waya chini, namba zikaanguka.

"Fundi, hii ni nyumba ya bati jipya na msingi wa udongo."

"Sasa umeniambia kwa lugha yangu," fundi akasema.

Tukaenda sehemu ya nje anayoisifia Mzee Magesa, ambako kwa maneno yake samaki wanapanga foleni. Pana kijito kinaingiza maji ya mjini karibu na hapo. Koku akashusha waya. Napo pabaya!

Mzee akakitazama kile kidude. "Kimeharibika hicho. Kirudisheni Bukoba."

Leokadia alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, Mama Kulwa akashika ubao kwa mikono miwili, "Wewe mwanamke, utatuua!"

Mzee mwishowe akakubali kwamba kile kijito enzi zake hakikuwa hivyo. Taarifa yake ilikuwa ya kweli, ila ya zamani. Hilo nalo nikaliweka moyoni.

Ni yeye huyo huyo aliyesema, "Twendeni pale mlangoni." Kati ya majabali mawili pana upenyo, maji yanapita muda wote. Koku akashusha waya, akashusha tena, akatabasamu. Namba za juu na chini hazikupishana sana.

Lakini fundi akaanza kulalamika. Mkondo wa pale unavuta. Akaangalia maji, akasema magunia hayafai, anataka vitalu vya zege na kamba ndefu zaidi ili kizimba kicheze, kisikaze. "Nikikaza kitakatika. Nadhani. Sijawahi, lakini nadhani."

Nilipenda ile "nadhani" yake. Wiki moja kabla asingeisema.

Koku naye akatupoza: "Mama, hiki ni kipimo cha leo. Hakijui ya kesho."

Kwa hiyo uhakika hatukuwa nao bado. Na vifaranga vinakuja. Tukamwangalia Mama Kulwa, maana hatari ni yake.

Akasema, "Tuweke kidogo kwanza. Tumwombe mwenye vifaranga atupe sehemu, waliobaki atushikie. Wakifa, tumekufa nusu."

Yule bwana alikubali, ila akasema hatashikilia sana.

Safari hii kabla ya sala niliweka utaratibu mpya. Kila mtu arudie uamuzi wetu kwa maneno yake mwenyewe, na mwenzake aseme amesikia nini. Ilichukua muda na mzee alilalamika tumemfanya mtoto wa mafundisho ya ubatizo. Lakini tulikamata kosa lingine palepale: fundi alisema "kamba ndefu", Leokadia akasikia kamba ya mtumbwi. Baada ya hapo ndipo tukasali. Amina ile ilikuwa nzito, ilikuwa na mwili.

Kizimba kikakaa mlangoni. Samaki wachache wakaingia.

Muda ukapita kidogo. Zikaja siku za joto kali, ziwa limetulia kama mafuta ya kula kwenye karai. Halafu upepo ukavuma.

Asubuhi yake nikasikia akina mama wananiita kwa kukimbia. Nikafika kona ya mawe nikaona kwa macho yangu. Maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi, yananuka, na furu wamejaa juu, weupe, matumbo juu. Mahali palepale tulipokuwa tunafunga nanga tukiimba.

Hakuna aliyeshangilia, wakuu. Sisi tulikuwa tunaangalia kule mlangoni. Je, huko?

Mama Kulwa alikuwa ameshavaa boya. Tukaingia mtumbwini yeye, Leokadia na mimi. Nilisali njia nzima, nilichosema sikikumbuki.

Tukafika. Wachache walikuwa wanaelea. Mama Kulwa akawatoa mmoja mmoja kwa mkono. Akachota chakula akarusha.

Vile vidonge vikaelea juu ya maji. Hakuna aliyekuja.

Akarusha tena. Kimya. Leokadia naye kanyamaza, na huyo kunyamaza kwake ni jambo.

Nikampigia Koku. Akapokea, nikamweleza, akapaza sauti mpaka wote tukasikia: "Mama, msirushe tena! Samaki aliyekosa hewa hali. Wapeni muda, upenyo utawapitishia maji mapya. Subirini!"

Tukasubiri. Sijui kama ni muda mrefu au mfupi. Mtumbwi unagonga mapipa, pu, pu. Mama Kulwa ameinama kwenye ukingo, mtu asiyejua kuogelea, uso wake unakaribia kugusa maji.

Halafu kidonge kimoja kikavutwa chini.

Kikabaki kiduara pale kilipokuwa. Kikazama kingine. Kisha maji yakaanza kuchemka kwa samaki, taratibu, kama sufuria inayoanza kutokota.

Nilifikiri Mama Kulwa atalia, au atapiga vigelegele. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliketi wima, akafuta mikono kwenye kitenge, akamwambia Leokadia, "Geuza mtumbwi. Twende tukamwambie yule bwana wa vifaranga alete waliobaki."

Wakuu, sijaja hapa kuwaambia tumeshinda ziwa. Ziwa halishindwi. Hata majirani zetu mpaka leo hatuna uhakika kilichowaua samaki wao, tunadhani ni hichohicho, lakini ni kudhani. Mwakani maji yanaweza kubadilika, na Koku anapima mara kwa mara. Mweka hazina ameingia timu kwa hiari yake, anauliza maswali mpaka yanakera, na tunamhitaji.

Nilichojifunza ni kwamba mambo yakiwa gizani usianze kwa kuuliza nani mkubwa wala nani amesoma. Anza na kile unachotaka kukilinda, uone kinaguswa na nini, halafu wafuate wanaogusa. Na ukishawapata usifurahi wakikubaliana haraka. Uliza wamekubaliana nini. Timu yenyewe usiifunge mlango, maana mtu unayemhitaji unaweza kumjua ukiwa umeshachelewa kidogo.

Nilirudi darasani nikamweleza mwalimu. Akanipa chaki. Nikaipokea, nikafundisha.

Sasa nawauliza ninyi. Kuna neno gani kazini kwenu ambalo kila mtu analielewa kivyake? Mafundi ujenzi, manesi, watu wa kompyuta, wakulima, semeni. Na wataalamu wa ziwa kama nimekosea kueleza hayo ya hewa na upepo, nirekebisheni bila matusi, mimi bado mwanafunzi. Wale wa "mizimu ipo" najua mnakuja, karibuni pia, ila mje na mlichokiona, si mlichosikia.

Na ombi langu kwako uliyesoma mpaka hapa. Lazima unamjua mtu ambaye siku hizi ameanzisha jambo na wenzake, la kanisa, la msikiti, la VICOBA, la ukoo, na wote wanamwitikia vizuri sana. Mtumie huu uzi leo, kabla hawajafunga nanga.